Redio ya Lori na Barua Niliyoshindwa Kuiandika



Leo napenda kuwasimulia habari ya redio ya lori. Labda baba mmoja atasema, "Karani huyu amekosa la kuandika?" Vumilieni kidogo. Habari hii ina mafundisho mawili. La kwanza ni la mikono: jinsi redio ya zamani ya gari inavyoweza kutoa sauti iliyomo ndani ya simu. La pili ni la moyo, nalo ndilo lililoniuma zaidi.

Mimi ni mzaliwa wa Nyangoto, huku Tarime, karibu na Mto Mara. Nilisoma Chuo cha Ualimu, lakini nafasi ya kufundisha sikuipata, na sasa ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa, hesabu za zaka, barua na kumbukumbu za vikao. Parokia yetu ina lori dogo aina ya Canter. Hubeba saruji na mabati ya vigango, mahindi wakati wa mavuno, wanakwaya wakati wa sikukuu, na wagonjwa siku yoyote.

Lori hilo lilitumika kwanza Japani, kama magari mengi ya nchi yetu. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na usukani wao uko kulia, ndiyo maana magari yao yanatufaa. Lakini redio zao hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Redio ya lori letu ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, na namba zake za FM zinaanza 76 na kuishia 90. Huku kwetu stesheni za FM hutangaza kati ya 87.5 na 108. Basi redio ile husikia ncha ndogo tu ya matangazo yetu, kama mtu aliyesimama nje ya mlango, akapata neno moja moja la mazungumzo ya ndani. Dereva wetu alikuwa amezoea. Alikuwa na stesheni yake moja iliyoingia vizuri, naye akaridhika nayo kwa habari za asubuhi.

Mimi ndimi ambaye sikuridhika, na sababu yangu ilikuwa baba yangu mzazi.

Baba ni mzee, na masikio yake yamepungua nguvu. Kila mwezi huenda Tarime mjini kupimwa presha, na lori likiwa na safari hupewa nafasi mbele, katikati ya dereva na mimi. Mama yetu alifariki miaka minne iliyopita. Sauti yake imebaki mahali pamoja tu, ndani ya simu yangu. Jioni moja alikuwa akiwasimulia wajukuu hadithi ya sungura na fisi, nami nikamrekodi bila yeye kujua. Ni dakika kumi na moja tu. Baba huniomba mara kwa mara nimwekee, lakini spika ya simu ni ndogo kama kifungo cha shati, na ndani ya lori ngurumo ya injini huimeza kabisa. Nilimnunulia visikilizio vya masikioni, akavikataa. Akaniambia, "Mura, sauti ya mtu husikilizwa na watu. Mimi sitaki kumsikiliza mama yako peke yangu kama mwizi."

Nikaziangalia spika mbili za milangoni mwa lori. Nikawaza: spika zipo, sauti ipo, kilichobaki ni waya tu wa kuziunganisha.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Chuoni tulijifunza kidogo mambo ya betri, waya na taa, na elimu kidogo ina kiburi kikubwa. Jumamosi moja dereva alipokwenda kwao kwa mazishi, nilichukua funguo ofisini, nikachukua bisibisi, nikaichomoa redio. Nyuma yake nikakuta waya za rangi nyingi. Nikafuata zile ziendazo kwenye spika, nikazikata, nikaziunganisha na waya wa visikilizio vile baba alivyovikataa. Betri sikuiondoa. Waya mmoja ulio wazi ukagusa bati la gari, cheche ikaruka, fyuzi ikakatika.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi sikuwa na fyuzi nyingine, nikachukua kipande cha waya wa shaba nikakizungushia fyuzi ile iliyokufa, kama nilivyoona wengine wakifanya. Nikawasha. Redio ilikoroma mara moja, kisha ikatoka harufu ya kuungua, harufu ambayo mtu akiinusa mara moja haisahau. Ikanyamaza.

Wasomaji, fyuzi ni mlinzi. Kazi yake ni kufa yeye ili chombo kipone. Mimi nilimwondoa mlinzi nikaweka mlango wazi, na umeme ukaingia ukala kila ulichokikuta. Nikafunga waya haraka haraka, nikairudisha redio mahali pake, nikafuta vumbi, nikarudisha funguo ofisini. Sikumwambia mtu.

Jumatatu dereva akawasha redio, kimya. Akatoa taarifa mwenyewe, kama ilivyo desturi yake, maana ni mtu mwaminifu. Kamati ya fedha ikakutana siku ya Jumanne. Wakamwuliza, "Redio ilikuharibikia vipi?" Akajibu, "Mimi niliiacha ikiimba." Mjumbe mmoja akasema kuwa gari liko mikononi mwa dereva, na kiharibikacho ndani yake ni juu ya dereva. Wengine wakaitikia. Ikaamuliwa akatwe shilingi 40,000 katika mshahara wake. Nani aliyekuwa akiandika maamuzi hayo kitabuni? Mimi. Nilikuwa nimekaa pembeni na kalamu yangu, nikaandika kila neno, wala mdomo wangu haukufunguka.

Siku ya Jumatano Baba Paroko akaniagiza nimwandikie dereva barua ya kumjulisha. Nikaketi mezani. Nikaandika tarehe. Nikaandika: "YAH: KUHARIBIKA KWA REDIO YA GARI." Kisha nikaandika, "Nasikitika kukujulisha kwamba," na mkono ukasimama. Nimeandika barua nyingi katika kazi hii, lakini sijawahi kuona karatasi nzito kama ile. Kwani mtu huyu ana watoto wanne shuleni, na shilingi 40,000 kwake ni madaftari, ni sare, ni sabuni. Tena yeye ndiye aliyembeba baba yangu mgongoni siku ile lori lilipokwama kwenye matope.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku nne, ikaishia mezani pale.

Nikaichukua barua ile ilivyo, haijamalizika, nikampelekea Baba Paroko, nikamweleza yote. Aliisoma, akanyamaza kitambo. Sikukaripiwa. Aliniambia tu, "Nenda ukamwambie yeye kwanza. Mimi na kamati tutafuata."

Nilimkuta dereva chini ya lori akipaka grisi. Nikachuchumaa nikamweleza nikiona miguu yake tu. Hakutoka. Aliendelea na kazi mpaka nikadhani hakusikia. Ndipo akasema, "Mwalimu, usiku wote wa jana nililala nikihesabu fedha ambayo sikuila. Mke wangu ameniuliza kama kweli sikuiuza ile redio." Hakusema zaidi. Kwa muda wa majuma mawili baada ya siku ile alinisalimu kwa kichwa tu.

Kamati ikakutana tena. Niliomba deni liwe langu, wakakubali, na dereva akaitwa asikie kwa masikio yake. Kisha nikaandika kumbukumbu kwa mkono wangu mwenyewe: "Aliyeharibu redio ni karani." Nawaambieni kweli, ilikuwa aibu, lakini usiku ule nililala usingizi.

Sasa nije kwenye fundisho la mikono, maana redio ilibaki bubu, na mimi nilikuwa na wajibu wa kuitengeneza.

Pale senta kuna fundi mmoja wa redio na simu, kijana kuliko mimi, asiyesoma chuo chochote. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Gari lenu ni la volti ngapi?" Sikujua. Akaniambia kuwa magari madogo hutumia volti 12, lakini malori mengi, na Canter mojawapo, huunganisha betri mbili za 12 zifuatane, zikawa 24. Redio nyingi zinazouzwa madukani ni za volti 12. Mtu akinunua moja akaifunga moja kwa moja kwenye lori la volti 24, itaungua siku ile ile. Wengine huiba umeme kwenye betri moja tu kati ya zile mbili. Redio huimba, lakini betri hazitumiki sawasawa wala hazijai sawasawa, na mwisho zote mbili huchakaa kabla ya wakati. Anayetaka redio ya volti 12 katika lori sharti aweke kifaa cha kushusha umeme kutoka 24 kwenda 12. "Lakini ninyi," akasema, "redio yenu ya kiwandani ni ya volti 24. Afadhali tuitibu hiyo hiyo."

Akaifungua. Kilichoungua kilikuwa kile kipande kinachokuza sauti, nacho alikipata cha namna ile ile ndani ya redio nyingine mbovu. Alipokwisha kukilehemu, nikamweleza shida yangu ya simu, na jinsi nilivyounganisha waya za spika. Akacheka sana.

"Karani," akasema, "unaijua mashine ya kusaga? Mahindi huingia juu, hupita kwenye mashine, unga hutoka chini. Redio nayo ni hivyo. Juu inapokea mawimbi kutoka angani. Katikati kuna hiki kidude cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza sauti. Baada yake ni kikuza sauti, na mwisho kabisa ni spika. Wewe ulikwenda kumwaga mahindi pale unga unapotokea! Hayawezi kusagika. Tena pale pana nguvu nyingi, ingeweza kuiua hata simu yako. Sauti ya simu ni mahindi. Imwage juu ya mashine."

Basi akanionyesha. Kidude kile cha kuongeza sauti kina miguu mitatu kwa spika za kushoto na mitatu kwa zile za kulia. Mguu mmoja huingiza sauti, mmoja huitoa kuipeleka mbele, na wa tatu umefungwa kwenye bati la redio. Ili ajue ni upi wa kuingilia, alipunguza sauti kidogo, akalowesha kidole, akagusa mguu mmoja mmoja taratibu. Alipogusa wa kuingilia, spika ikanguruma: vuuu! Akasema, "Hili ndilo sikio lake."

Hapo akaleta tundu dogo la waya wa visikilizio, lile la kipenyo cha milimita 3.5. Plagi ya namna hii ni mjukuu wa ile kubwa iliyotumiwa na wafanyakazi wa simu za waya, tangu karne ya kumi na tisa, kuunganisha mwenye kupiga na mwenye kupigiwa. Tundu alilolichagua lina vikato vidogo ndani yake. Plagi ikiwa nje, sauti ya stesheni hupita kama kawaida. Plagi ikiingia, njia ya stesheni hukatika yenyewe, na sauti ya simu huchukua nafasi. Kwa hiyo habari za dereva hazikupotea. Akichomoa waya, stesheni yake hii hapa. Katika kila njia akaweka kapasita ndogo, kidude kinachoruhusu sauti kupita lakini kinazuia umeme wa betri usiirudie simu. Waya wa tatu akaufunga kwenye bati la redio.

Redio za siku hizi zisizo na kidude cha kuzungusha cha namna ile, ambazo sauti yake huongezwa kwa vitufe, hazifai kufunguliwa hivi na mtu asiyezijua. Na kama lori lako lina redio ya kaseti, usifungue kitu. Iko kaseti ya bandia yenye waya; unaiingiza kama kaseti, waya wake unauchomeka kwenye simu, kazi imekwisha. Viko pia virusha mawimbi vidogo vya kuchomeka pale pa kuwashia sigara, vinavyoitangazia redio yako sauti ya simu kwa FM. Lakini kwa redio ya Kijapani kama yetu lazima ukiweke kati ya 87.5 na 90, mahali ambapo chombo na redio hukutana. Ukikiweka 100 utangoja mpaka jioni. Tena hakikisha kimeandikwa kuwa kinaweza volti 24.

Tulipoirudisha redio ndani ya lori, safari hii betri ikiwa imefunguliwa kwanza, ikatokea shida moja. Simu ikiwa kwenye chaji ya gari, spika zililia kama mbu, na dereva akikanyaga mafuta, mbu naye akapandisha sauti. Fundi akasema kuwa huo ni umeme wa alteneta unaopita kwa njia mbili, ya chaji na ya waya wa sauti, ukazunguka. Dawa rahisi ni kuchomoa chaji wakati wa kusikiliza. Dawa nyingine ni kifaa kidogo chenye koili mbili zisizogusana, sauti ikapita lakini ule mzunguko ukakatika. Tulichagua ile rahisi, kwa kuwa haina gharama.

Sasa sikilizeni mwisho wake.

Juma lililofuata lilikuwa zamu ya baba kwenda Tarime. Alikaa katikati, dereva kwenye usukani, mimi dirishani. Kabla hatujaondoka nikachomeka simu. Dereva alikuwa bado hanisemeshi. Alizima injini akangoja. Sauti ya mama ikajaa ndani ya lori kwa Kikurya chake, sungura akamdanganya fisi, watoto wakacheka, kuku akalia uani. Baba aliweka mkono wake juu ya redio, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Hadithi ilipokwisha nikanyosha mkono kuzima, kwa maana nilidhani hapo ndipo mwisho. Kumbe baada yake kulikuwa na maneno ya mbali, ambayo spika ndogo ya simu haikuweza kamwe kuyatoa. Mama alikuwa amenigeukia mimi. Alisema wazi, "Na wewe, karani, jembe la watu utalirudisha lini? Au unangoja waje walidai?"

Kimya. Kisha baba akanitazama. "Mura," akasema, "jembe lile ulilirudisha?"

Dereva alicheka mpaka akalala juu ya usukani. Akasema, "Mzee, mwulize vizuri huyo. Huyo namjua mimi." Ni maneno yake ya kwanza marefu tangu siku ile ya grisi. Nami nikacheka, na macho yakinitoka machozi, sijui kwa lipi hasa.

Jembe nililiona kesho yake nyuma ya ghala la baba, limeshika kutu. Nikalitia mpini mpya, nikalipeleka kwa jirani. Alikuwa amelisahau, lakini mama yangu hakulisahau.

Basi wasomaji wapenzi, na hasa ninyi vijana mnaopenda kufungua fungua vyombo, naomba mkumbuke haya machache. Kwanza, fungua betri kabla ya kugusa waya. Pili, usiweke waya mahali pa fyuzi, hata kama dunia nzima inafanya hivyo. Tatu, jua mahindi yanaingilia wapi kabla ya kuyamwaga. Nne, dereva asishike simu gari likiwa mwendoni, na sauti isizidi mpaka asisikie utingo akigonga bodi. Na la mwisho: chombo kikikuharibikia mikononi, sema siku ile ile. Fundi aliitibu redio yetu kwa nusu siku na shilingi 25,000. Yale majuma mawili ya salamu ya kichwa hayakuwa na fundi wa kuyatibu ila mimi mwenyewe.

Barua ile sijaitupa. Iko kwenye droo ya meza yangu, imeishia kwenye neno "kwamba". Kila ninapoletewa habari ya kosa la mtu ili niiandike, huifungua droo hiyo kwanza.

Wasalaam,
Karani wa parokia, mwana wa Nyangoto.